Mgeni na Mpita Njia: Viumbe wa Ajabu na Watu wa Pembeni katika Katuni Zetu

Katika maandishi mengi yahusuyo utamaduni wa taifa letu, ngoma, mashairi, vinyago na methali vimepewa nafasi ya mbele, na kwa hakika vinaistahili. Katuni haikupata bahati hiyo. Mara nyingi imehesabiwa kuwa mchezo wa watoto, au kichekesho cha kupitishia wakati mtu angojapo pantoni pale Magogoni. Kisha karatasi yake hufungiwa karanga, na habari yake ikaishia hapo. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba katuni ni hazina ya historia, na kwamba hazina hiyo haimo tu katika mhusika mkuu anayetuchekesha, bali pia katika sehemu za picha ambazo jicho huzipita kwa haraka.

Tutayatazama mambo mawili. La kwanza ni viumbe wa ajabu, yaani wale wasiofanana na binadamu, ambao wachoraji wa nchi mbalimbali wamewatia katika hadithi zao. La pili ni watu wa pembeni, yaani wale wasiokuwa na jina wala neno la kusema, ambao mchoraji huwapanga nyuma ya wahusika wakuu ili mtaa uonekane kuwa mtaa na soko lionekane kuwa soko. Mambo haya mawili huenda yakaonekana kuwa hayana uhusiano. Tunaamini kuwa yanao, tena wa karibu sana, kwani yote mawili yanauliza swali moja: katika jamii, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni?

Wageni wa Angani

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walianza mapema kuchora hadithi za safari za angani. Mwaka 1934 Alex Raymond wa Marekani alianza kuchora visa vya Flash Gordon, kijana aliyefika katika sayari ya kubuni iitwayo Mongo. Mwaka 1950 lilianza kutolewa Uingereza gazeti la vijana liitwalo Eagle, na ndani yake Frank Hampson alichora habari za rubani Dan Dare, ambaye adui yake mkubwa alikuwa kiumbe wa sayari ya Zuhura, mwenye rangi ya kijani, kichwa kikubwa mno na mwili mdogo mno. Huko Ufaransa, mwaka 1967, Pierre Christin na Jean-Claude Mézières walianza hadithi ya Valérian. Hawa wawili walisifiwa hasa kwa masoko na bandari za angani zilizojaa viumbe wa kila umbo: wengine wana pembe, wengine wana mikonga, wengine wanauza, wengine wananunua, na wengi wao hawaonekani tena baada ya ukurasa ule mmoja.

Tofauti baina ya hadithi hizo yafaa kuangaliwa. Katika hadithi za mwanzo, kiumbe wa ajabu ni adui; sura yake mbaya ndiyo hati yake ya mashtaka. Katika zile za baadaye, kiumbe wa ajabu ni jirani, mchuuzi, au mpita njia tu, mwenye haja zake na haraka zake. Mageuzi hayo hayakutokea hivi hivi. Baina ya mwaka 1934 na mwaka 1967 mataifa mengi ya Afrika na Asia yalijipatia uhuru wao, na fikra ya kwamba mtu asiyefanana nawe lazima awe adui yako au mtumwa wako ilianza kuonewa haya hata na wale waliokuwa wakiishi kwayo.

Lugha yetu nayo haikukosekana katika safari hizo. Mwaka 1966 ilianza kuonyeshwa Marekani michezo ya televisheni iitwayo Star Trek, na ndani ya chombo chake cha anga mlikuwamo afisa mwanamke mwenye asili ya Afrika aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Miaka minne baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Basi Kiswahili kimekwisha kufika angani, katika hadithi na katika kweli. Lakini wachoraji wetu hawakukifuata kwa wingi huko kilikokwenda, na sababu yake inafaa kutafutwa.

Kwa Nini Wetu Hawatoki Mbali

Hatudhani kuwa Mswahili alikosa ubunifu. Katika ngano zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, na kuchapishwa London mwaka 1870, yumo nunda mla watu, aliyeanza akiwa paka wa nyumbani katika jumba la sultani, akala vifaranga, akala ng'ombe, na mwisho akawala watu. Na mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake walipelekwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakaona mataifa mengine na sheria zao. Mwandishi huyo hakuhitaji chombo cha chuma wala moto wa roketi ili kutupeleka huko. Tena tukumbuke yaliyowapata wajumbe wale: waliporejea na mafunzo mema walitiwa gerezani na nchi yao wenyewe. Waliokwenda kuwatazama wageni, waliporudi waligeuzwa kuwa wageni.

Ngano ya nunda inatupa jibu la swali letu. Kiumbe wa ajabu wa kwetu hatoki mbali. Ametoka jikoni, au mbuyuni, au pangoni, au ndani ya ukoo. Zimwi hujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa. Jini ana mtaa wake na dini yake. Shetani ana kiti chake. Hata Popobawa, aliyewatia watu hofu huko Unguja na Pemba mwaka 1995, na habari zake zikavuka bahari hadi Dar es Salaam, hakusemwa kuwa ameshuka kutoka sayari nyingine. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya kawaida kabisa, popo na bawa.

Wasanii wetu wa vinyago na rangi walilijua jambo hilo vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alianza kuchonga hapa Dar es Salaam vinyago vya mashetani, venye viungo vilivyopinda, jicho moja au matundu mahali pa tumbo, na mtindo huo ukaenea kwa wachongaji wengine hata ukajulikana duniani. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyapeleka mashetani hayo mbele zaidi. Kazi zake alizozifanya tangu alipojiunga na Nyumba ya Sanaa, katika miaka ya 1970, zinaonyesha viumbe wenye masikio makubwa, midomo inayoning'inia na vidole vichache. Lakini wanafanya nini viumbe hao? Wanapika, wanacheza ngoma, wanagombana, wanabeba watoto mgongoni. Mashetani ya Lilanga ni raia. Ukiyaondoa masikio yale, utaona mtaa unaoufahamu.

Wachoraji wa katuni walirithi mtazamo huohuo, wala haukuwa mgumu kuupata, kwa sababu umo ndani ya lugha yenyewe. Tazama majina ya wahusika waliopendwa katika gazeti la Sani. Ndumilakuwili ni jina la nyoka ambaye watu husema anauma kwa ncha zote mbili, na ndilo jina tumwitalo mnafiki. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini. Mchoraji wa Dar es Salaam hakuhitaji kumchora mtu mwenye pembe na mkia. Alimchora mtu mwenye suruali na shati, akampa jina la mnyama, na msomaji akauona mkia mwenyewe.

Katuni Ilivyokua

Kabla ya kuendelea, yatupasa kueleza kwa ufupi jinsi katuni ilivyokua katika lugha yetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa miongoni mwa magazeti yaliyowazoeza wasomaji kutazama picha zilizofuatana pamoja na maneno. Katika miaka ya 1950, huko Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, ambaye aliendelea kuchekesha watu kwa miongo mingi na kuwa miongoni mwa wahusika wa katuni walioishi maisha marefu zaidi katika Afrika Mashariki.

Hapa kwetu jina lililotangulia ni Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory na kuchapishwa katika Uhuru, gazeti la chama cha TANU lililoanzishwa mwaka 1961. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, Chakubanga alikuwa kioo cha mji. Wavivu, walafi, wapenda anasa na wenye kujifanya Wazungu wote walipita mbele ya kalamu ya Gregory. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likatokea Sani, gazeti la vichekesho lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao majina yao ya kwanza, yakikatwa na kuunganishwa, ndiyo yanayolipa gazeti jina lake. Humo ndimo alimong'ara kijana Philip Ndunguru, ambaye kalamu yake iliwapa uhai wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe. Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana, na wachoraji wengine wakaendelea kuwachora wahusika wale kwa sababu wasomaji hawakukubali wafe pamoja naye.

Watu wa Pembeni

Sasa tufike katika kiini cha maneno yetu. Ndunguru anakumbukwa si kwa wahusika wake wakuu tu, bali pia kwa picha pana zilizosongamana watu, ambazo msomaji aliweza kuzitazama kwa muda mrefu bila kuzimaliza. Katika picha za namna hiyo, kituo cha basi hakiwi kituo cha basi kwa ajili ya mtu mmoja tu. Yuko anayesukuma, yuko anayechomoa mfuko wa mwenzake, yuko mama mwenye kapu, yuko mtoto analia, yuko kondakta, yuko mbwa. Kila mmoja ana kisa chake, na hakuna hata mmoja aliyeelezwa.

Washairi wana chombo kinachofanana na hicho. Katika shairi, kibwagizo hurudi kila ubeti bila kuongeza habari mpya. Lakini ukikiondoa, shairi halisimami. Mtu wa pembeni ni kibwagizo cha katuni. Hurudi katika picha hii na ile, hana jipya la kutuambia, lakini ndiye anayetuhakikishia kuwa mji ni uleule na kwamba mhusika mkuu haishi peke yake duniani.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mtaa wa Kariakoo, kwa kuwa mtaa huo umepewa jina na watu wa pembeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi kiliwekwa kambi mahali hapo, na jina la Kiingereza la kikosi hicho, likisemwa kwa ulimi wa Kiswahili, likawa Kariakoo. Wapagazi waliotumiwa na majeshi ya pande zote katika vita vile walikuwa wengi kuliko askari, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu bila kuandikwa majina. Mwaka 1927 sanamu ya ukumbusho iliwekwa katikati ya mji. Aliyesimama juu ya jiwe, na bunduki yake mkononi, ni askari. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini. Hata katika kuwakumbuka, nafasi waliyopewa ilikuwa ya pembeni; lakini wananchi, kwa kulishika jina la Kariakoo, waliwapa kumbukumbu kubwa kuliko jiwe.

Tangu hapo Kariakoo imeendelea kuwa mahali pa watu wasiochorwa mbele: wachukuzi, wachuuzi, mafundi cherehani, wauza kahawa. Soko la sasa, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la zege lenye umbo la miavuli mikubwa, na watalaamu wa ujenzi wamelisifu. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza. Jengo lina ramani zake, na kwa hiyo laweza kurudishwa. Je, ni wapi zilipo ramani za watu? Mtu wa mwaka 1980 alisimamaje katika foleni ya sukari? Alivaa viatu gani alipokuja mjini kutafuta kazi? Basi la UDA lilijaaje, na watu walining'iniaje mlangoni? Picha rasmi za wakati ule zinatuonyesha mikutano, ziara na ufunguzi wa viwanda. Majibu ya maswali haya, kwa sehemu kubwa, yamo katika pembe za katuni.

Nani Aliyekuwa Mgeni?

Hapa hatuna budi kusema jambo zito kidogo. Katuni haikuwa shahidi asiye na upande. Wakati mwingine ilimcheka mtu wa pembeni, na kicheko hicho kilikuwa na matokeo.

Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Katika hoja za wakati ule, msichana wa mjini aliyevaa hivyo alisemwa kana kwamba ametoka katika nchi nyingine. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasiokuwa na kazi iliyotambuliwa walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam ili wapelekwe vijijini. Nia ya kumfanya kila mwananchi ale kwa jasho lake ni nia njema, wala hatuibezi. Lakini miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo wachuuzi na mafundi wadogo, watu waliokuwa wakifanya kazi tangu alfajiri, ila kazi zao hazikuwa na hati. Kwa jina la mzaha waliitwa malofa na wazururaji, na jina la mzaha likisemwa mara nyingi mno huweza kugeuka kuwa kosa la jinai.

Ndipo tunaporudi kwa kiumbe wa ajabu. Jamii haihitaji sayari ya mbali ili kujitengenezea mgeni. Humtengeneza kwa jina, kwa nguo, kwa lafudhi, kwa mkoa aliotoka. Mchoraji akimzidishia pua na kumfupisha miguu, kazi imekwisha. Hata hivyo tukiitazama Sani kwa haki, tutaona kuwa ilifanya pia jambo jingine. Lodi Lofa ana jina lenye pande mbili, kwani lodi ni bwana mkubwa na lofa ni fukara asiye na kazi. Msomaji alimcheka, lakini kila toleo alimtafuta. Alimjua njaa yake na ujanja wake. Yule ambaye katika karatasi za ofisi alikuwa tatizo la kuondolewa mjini, katika karatasi ya katuni alikuwa mwenyeji ambaye mji usingekamilika bila yeye. Hiyo ndiyo njia ileile aliyopita Lilanga na mashetani yake, na ndiyo njia waliyopita Wafaransa wale na masoko yao ya angani: kumchora kiumbe wa ajabu mpaka aishe kuwa wa ajabu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wajibu Wetu

Ikiwa hayo ni kweli, basi tunayo kazi ya kufanya, nayo haiwezi kungoja. Magazeti ya vichekesho yalichapishwa katika miaka ya shida ya karatasi. Yalipitishwa mkono kwa mkono mpaka yakachanika. Sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala katika Maktaba ya Taifa, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, lakini vitu vinavyodharauliwa hupotea hata pale ambapo sheria ipo. Mwenye toleo la zamani la Sani, au kurasa za Uhuru zenye Chakubanga, asilitupe wala asiliuze kwa kilo. Alipeleke maktaba, au katika shule iliyo karibu naye, likatunzwe.

Kwa walimu, tunapendekeza zoezi ambalo halina gharama. Mpe mwanafunzi picha moja ya katuni ya zamani, kisha umkataze kumtaja mhusika mkuu. Mwambie awahesabu watu wa nyuma, aeleze kila mmoja amevaa nini, amebeba nini, anaelekea wapi. Kisha amuulize mzee wa mtaani kwake kama picha hiyo ni ya kweli. Atajifunza historia ya bei, ya mavazi, ya usafiri na ya adabu, na pia atajifunza kumtazama mtu ambaye hakuna aliyemwambia amtazame.

Nanyi wanafunzi mnaopenda kuchora, tunawahimiza mchore. Zichoreni sayari mkipenda, na vyombo vya anga, na viumbe wenye macho matatu. Anga si mali ya Wazungu, na lugha yenu imekwisha kutangulia huko. Ila mtakapokichora kituo cha kwanza cha angani chenye jina la Kiswahili, msisahau kumweka mtu wa kuuza kahawa mlangoni, na mchukuzi mwenye mzigo kichwani akiomba njia. Mmoja wao mpeni jina.